Kabla ya kuongeza injini, nunua waya

Sebuleni kwangu, mahali palipopaswa kukaa kochi kubwa, kuna meza ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8. Mama watoto aliikubali kwa sharti moja tu: isizibe televisheni. Juu yake zinapita treni ndogo za mfano za kipimo cha HO, yaani 1:87. Upana wa reli ni milimita 16.5, ambao ukiuzidisha kwa 87 unapata ule ule wa SGR, milimita 1,435. (Reli yetu ya zamani ya mita 1 ingetaka milimita 11.5, na hapo ndipo nilipoghairi kutengeneza stesheni ya Morogoro ya enzi za babu.)

Wageni wote hushangaa simu ninayoendeshea. Hakuna anayeinama kuchungulia chini ya meza, na kazi yote iko huko.

Kwenye mfumo wa kidijitali, DCC, reli zina umeme muda wote, na amri hupita humo humo relini. Kila injini ina dikoda, kijibodi cha elektroniki kinachoitikia namba yake peke yake. Injini nyingi hutoka kiwandani na namba 3. Mimi nilizipanga mbili mpya zikiwa zimetazamana, nikaiamuru 3 iende. Zikaenda zote. Watoto walicheka mpaka wakalia. Kwa hiyo ipe kila injini namba yake kwanza, ikiwa peke yake kwenye kipande cha reli kilichotengwa kwa kazi hiyo.

Sasa waya. Nilianza kwa nyaya mbili nyembamba zilizounganishwa mahali pamoja, nikaamini vile vibati vinavyoshikanisha reli vitasambaza umeme vyenyewe. Upande wa pili wa meza treni ilikuwa inachoka. Jioni moja behewa likaacha njia huko huko, nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Gurudumu lilikuwa limelala upande, kishikizo chake kimeyeyuka kama mshumaa. Ilikuwa shoti, na kifaa cha kuongozea kilipaswa kukata umeme papo hapo, lakini nyaya zile nyembamba ziliuzuia umeme usipande vya kutosha, kikadhani treni imebeba mzigo tu.

Niling'oa zote. Nikapitisha chini ya meza waya wa soketi, ule wa milimita za mraba 2.5, mwekundu na mweusi, kisha nikalehemu vipande vifupi vyembamba kutoka kila kipande cha reli hadi kwenye waya huo. Kazi ya wikendi mbili, na mgongo uliniuma. Kuipima ni rahisi: chukua sarafu ya shilingi 200, ilaze juu ya reli zote mbili, kila pembe ya meza. Umeme ukatike mara moja. Usipokatika, ondoa sarafu haraka na uongeze waya hapo.

Kitanzi nacho kitakutega. Treni ikizunguka na kurudi kwenye njia ile ile iliyotokea, ikiwa imegeuka kuelekea ilikotoka, reli ya kulia hukutana na ya kushoto: shoti. Chora ramani yako kwa kalamu mbili za rangi kabla ya kukata chochote, utaiona. Kata reli zote mbili kwenye miisho yote miwili ya kitanzi, kisha weka hapo kifaa kinachogeuza umeme chenyewe treni inapopita.

Cha kuongozea si lazima ununue cha bei mbaya. Changu ni Arduino Mega, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye bodi ya kuendeshea mota na programu ya bure ya DCC-EX. Inatosha injini chache.

Tunakaa karibu na bahari, hivyo reli huchafuka upesi. Kila Jumamosi nazifuta kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, magurudumu pia. Msasa usiuguse, mikwaruzo yake huwa makazi ya uchafu, na Jumamosi inayofuata utasugua mara mbili.