Asteroidi ya kuletea sampuli haichaguliwi kwa dhahabu

Wiki hii kijana mmoja ameniandikia akitaka nimsaidie kuchagua asteroidi, yale mawe ya angani yanayozunguka Jua, ya kuandikia tasnifu. Moyo wake uko kwa Psyche, kwa kuwa amesikia imejaa madini. Mdogo wangu, Psyche iko mbali huko kati ya Mirihi na Mshtarii, na hata chombo cha NASA kilichorushwa 2023 kinakwenda kuizunguka tu. Hakirudi na punje. Anayetaka sampuli ifike nyumbani huanza na njia: jiwe lipi linafikika, na kurudi, bila kumaliza mafuta?

Mimi nilianza na jambo lisilosisimua kabisa, yaani mzunguko: jiwe hujizungusha lenyewe kwa muda gani. Unapima mwanga wa jiwe, nukta moja tu kwenye darubini, usiku baada ya usiku, kisha unachora. Mstari unapanda, unashuka, unapanda tena. Mara nyingi ni vilima viwili kwa kila mzunguko, maana jiwe lenyewe ni refu kama kiazi kitamu na hutuonyesha ubavu mara mbili. Siku ya kutetea pendekezo langu, mhadhiri mmoja aliuliza mbele ya watu, "Sasa vilima hivi vitamlisha nani?" Ukumbi ukacheka. Sijasahau. Leo wanafunzi wake ndio wanaoniletea michoro yao niwasomee.

Vinamlisha anayetaka kuchota. Mawe madogo huelekea kuzunguka kasi mno, na vumbi lake hutupwa nje. Ndiyo maana waliochagua Bennu, asteroidi ambayo NASA ilikwenda kuichota, waliyaacha yote yasiyofika mita 200. Bennu ina upana wa karibu mita 490, huzunguka kwa saa 4.3, na rada za Arecibo (Puerto Rico) na Goldstone (California) zilishalijua umbo lake kabla chombo cha OSIRIS-REx hakijaondoka 2016.

Ila darubini nayo usiiabudu. Vipimo vya joto viliashiria uso wa changarawe ndogondogo. Chombo kilipofika 2018 kikakuta mawe kila upande. Walikuwa wamepanga kutua kwenye eneo la upana wa mita 50, wakaishia mahali walipopaita Nightingale, penye mita 16 hivi. Oktoba 2020 mkono ulipogusa ulizama karibu nusu mita, vijiwe vikabana kifuniko kikabaki wazi, na sampuli ikawa inavuja angani. Wakaifungia upesi. Septemba 2023 kapsuli ikatua Utah na gramu 121.6. Hayabusa2, chombo cha Wajapani, ilileta gramu 5.4 kutoka asteroidi ya Ryugu, na hakuna aliyelalamika.

Vijana mnataka kichwa cha habari kabla ya jedwali. Someni njia, someni ukubwa, someni mzunguko, ndipo mje kwenye kemia. Narudia: mzunguko!

Huyu kijana nimemwambia aiache Psyche, achukue Kamoʻoalewa, asteroidi ndogo ambayo China imeirushia chombo cha Tianwen-2 Mei 2025. Inajizungusha kwa dakika 28 tu. Yeye ndiye anieleze kama kuna vumbi lililobaki juu yake.