Jibu: Miaka 61 na kuanza kuandika

Mwalimu mwenzangu, salamu kwa wana Urambo. Umeuliza kama ukiwa na miaka 61, chaki umeshakabidhi, bado unaweza kuanza kuandika. Mimi nilianza na 62, hapa Tabora mjini, kwenye kaunta buku ambayo kurasa za mbele bado zina maandalio ya somo.

Shida yangu ilikuwa moja: niliandika kama nasahihisha mtihani. Jioni moja nikawasomea watoto wa jirani muswada wa hadithi yangu chini ya mwembe. Kufika ukurasa wa tatu, wanarushiana makokwa. Nikauchana, nikaanza upya, fisi yupo mlangoni tangu mstari wa kwanza. Wakatulia.

Nyerere naye alifundisha hapa St. Mary's, akang'atuka urais 1985, na 1993 bado akatoa kitabu.

Muswada ukiiva, ISBN wanatoa Bodi ya Huduma za Maktaba, hakimiliki nenda ofisi yake, COSOTA. Mchapaji usimpe hela yote mkononi. Mmoja alinitoroka na laki mbili.

Na hao vijana uliosema wanakuletea mashairi yao, wasomee yako kwanza, hata yale mabovu. Wataacha kuona haya.