Maswali ya Wasomaji: Programu Huria Katika Duka Rasmi

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka mitatu nimekuwa nikitengeneza programu ndogo ya kuandikia kumbukumbu kwenye simu, na msimbo wake nimeuweka hadharani chini ya leseni ya GPL toleo la 3, yaani leseni ya programu huria inayomruhusu kila mtu kuutumia, kuubadili na kuusambaza, mradi naye afuate masharti yaleyale. Watu sita wamenisaidia kuirekebisha. Sasa nataka kuiingiza katika duka la Apple na lile la Google. Mwenzangu mmoja anasema GPL hairuhusu kabisa, na mwingine anasema nijaze fomu tu kwa kuwa programu ni yangu. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, ila huyo wa kujaza fomu ndiye atakayekuingiza matatani, kwa sababu programu hiyo haikuwa yako peke yako tangu siku ulipopokea rekebisho la kwanza kutoka kwa mtu mwingine. Kila aliyeandika sehemu ya msimbo ana hakimiliki ya sehemu yake. Alichokupa wewe na dunia nzima ni ruhusa ya kuitumia kwa masharti ya GPL, si zaidi ya hapo.

Na sharti linaloleta ugomvi ni moja: anayesambaza programu ya GPL haruhusiwi kumwekea mpokeaji vizuizi vya ziada juu ya vile vilivyomo katika leseni yenyewe. Duka la Apple, kwa upande wake, humfunga mtumiaji kwa kanuni zake za matumizi. Mwaka 2010 Free Software Foundation, shirika lililoiandika GPL, ililalamika kwamba mchezo wa GNU Go ulikuwa ukisambazwa humo kinyume cha GPL, na Apple ikauondoa. Mwaka huohuo VLC, programu mashuhuri ya kuchezea video, iliingia dukani. Mmoja wa waandishi wake, Rémi Denis-Courmont, akapinga, na Januari 2011 ikaondolewa. Zingatia kwamba malalamiko ya mwandishi mmoja kati ya wengi yalitosha.

VLC ilirudi Julai 2013, lakini kwanza wahusika walilazimika kuwatafuta waandishi mmoja baada ya mwingine na kuwaomba wakubali leseni nyingine. Kazi hiyo ilihusu mradi mkubwa wenye historia ndefu. Wewe una watu sita, na ndiyo maana nakusihi uifanye sasa, kabla hawajawa sitini.

Huna haja ya kuiacha GPL. Kifungu cha 7 cha toleo la 3 kinawaruhusu wenye hakimiliki kuongeza ruhusa ya ziada, kwa mfano kwamba programu inaweza kusambazwa kupitia duka lenye masharti yanayogongana na leseni, mradi msimbo chanzo uendelee kupatikana kwa masharti ya GPL mahali pengine. Watengenezaji wa Nextcloud, programu huria ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, wameambatisha tamko la namna hiyo kwenye programu yao ya iPhone. Tamko lako liwe fupi, liwekwe ndani ya hifadhi ya msimbo karibu na faili ya leseni, na kila mchangiaji aandike yeye mwenyewe kwamba amelikubali, mahali ambapo wengine wataona.

Kama unatunza msimbo kwa git, chombo kinachoweka kumbukumbu ya kila badiliko, ukiendesha amri ya git shortlog -sn utapata majina yote pamoja na idadi ya michango ya kila mmoja. Tuseme watano wamekujibu na wa sita hapatikani tena, na alichokiandika ni mistari arobaini inayopanga kumbukumbu kwa tarehe. Usichukue ukimya wake kuwa idhini. Iondoe mistari hiyo, uiandike upya wewe mwenyewe bila kuinakili, na ueleze katika historia ya mradi kwa nini umefanya hivyo. Ni kazi ya jioni moja, nayo inakuondolea shaka ya miaka. Kagua pia maktaba za msimbo ulizozitegemea, yaani vipande vilivyoandikwa tayari na wengine: zenye leseni huria zisizo na masharti makali, kama MIT au Apache 2.0, hazitakusumbua, lakini kama mojawapo ni ya GPL na imeandikwa na watu wengine, ruhusa yenu haiigusi, na itabidi utafute nyingine badala yake.

Duka la Google ni jepesi zaidi kwa upande huu, kwani simu ya Android humwezesha mtumiaji kusakinisha programu kutoka nje ya duka, na programu nyingi za GPL zimo humo. Ada ya kujiandikisha ni dola 25 mara moja tu, ilhali Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Ukifungua akaunti mpya ya mtu binafsi kwa Google, utatakiwa kwanza kuijaribisha programu kwa watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Wachangiaji wako waweza kuwa wa kwanza katika orodha hiyo.

SWALI: Mhariri, programu yangu huria ya kutunza bajeti inapatikana F-Droid, duka la programu huria za Android, na pia katika duka la Google. Anayetaka kuhama kutoka huku kwenda kule huambiwa kwamba haiwezi kusakinishwa. Nimekosea wapi?

JIBU: Kinachogongana ni saini ya kidijitali, yaani alama inayothibitisha programu imetoka kwa nani. Android hukataa toleo jipya la programu ikiwa halikutiwa saini kwa ufunguo uleule uliotumika kwa toleo lililopo kwenye simu, na kinga hiyo ni njema, kwani bila yake mtu yeyote angeweza kuleta sasisho bandia. F-Droid, kwa kawaida yake, huchukua msimbo wako, huunda programu yenyewe na kuitia saini kwa ufunguo wake. Google nayo, kwa programu zote mpya tangu Agosti 2021, ndiyo inayotunza ufunguo wa mwisho.

Kwa programu ijayo, wape Google ufunguo ulioutengeneza wewe badala ya kuwaachia wakutengenezee, kisha hakikisha kwamba msimbo uleule huzaa faili ileile kila unapoundwa. F-Droid ikithibitisha hivyo, inaweza kusambaza toleo lenye saini yako. Kwa hii iliyopo, weka kitufe cha kuhamishia data kwenye faili, na ukieleze waziwazi katika maelezo ya duka. Anayeifuta programu ili asakinishe nyingine hupoteza rekodi zake zote za matumizi, na wengi hawalijui hilo mpaka yameshawakuta.

SWALI: Nimeikuta nakala ya programu yangu dukani, jina na nembo ni vilevile, imejazwa matangazo. Je, leseni huria imeninyima haki ya kulalamika?

JIBU: Haikukunyima. Ni kweli kwamba huwezi kumshtaki kwa kunakili wala kwa kuingiza fedha, maana hayo umeyaruhusu, na hata wewe ruksa kuuza: The Document Foundation, wasimamizi wa LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisini, walianza mwaka 2022 kutoza euro 8.99 katika duka la Apple la kompyuta za Mac, huku programu ikibaki bure kwenye tovuti yao. Lakini leseni ya msimbo haimpi mtu jina lako wala nembo yako kuwahadaa watumiaji. Na kama leseni yako ni ya GPL, naye hatoi msimbo chanzo wa toleo lake, amekiuka hakimiliki pia. Maduka yote mawili yana fomu za malalamiko ya aina hizo mbili. Tuma kila lalamiko kwa fomu yake, na uambatishe picha za skrini za programu zote mbili, tarehe ya toleo lako la kwanza na anwani ya hifadhi yako ya msimbo.