Barua kwa mwanangu, kuhusu ile ndoo

Mwanangu,

Nimepata ujumbe wako na picha za mjukuu wangu. Unauliza ununue geti la kuziba ngazi na vifuniko vya soketi, au umsikilize mumeo anayesema mtoto hujifunza kwa kuanguka. Geti nunua, vifuniko nunua, hilo limekwisha. La mumeo nitalifikia.

Kinachoninyima usingizi si ngazi. Ngazi kila mtu anaiogopa, kwa hiyo kila mtu anaitupia jicho. Siku zote nimesema, na ndugu zako wamechoka kunisikia: kinachomdhuru mtoto ni kile ulichokiweka "hapo mara moja tu".

Hadithi ya ndoo unaijua kama mama yako anavyoisimulia. Ulikuwa na miezi kumi, ukatumbukia, ukatolewa, ukapiga chafya, watu wakacheka. Mama yako huisimulia hivyo kwa kunihurumia. Ndoo niliiweka mimi. Nilikuwa napiga deki, simu ikaita chumbani, nikaitua ndoo mlangoni, hapo mara moja tu. Wewe ulikuwa umekaa kule pembeni unagonga kijiko sakafuni.

Niliongea na simu labda dakika mbili. Masikio yalikuwa kwako, hilo nakuapia. Nilidhani kukitokea jambo nitasikia kilio, au maji yakirushwa. Sikusikia kitu. Mtoto anayezama halii; mdomo umo ndani ya maji, atalia vipi? Nilichopaswa kukisikia ni kijiko kunyamaza, nami sikukisikia.

Niliporudi nilikuta nyayo zako mbili juu ya ukingo wa ndoo, zina mapovu ya sabuni, kidole gumba cha kushoto kinachezacheza. Mpaka leo nikiona mapovu ya sabuni mwili unanisisimka. Maji hayakufika hata robo ya ndoo. Lakini kichwa cha mtoto wa umri ule ni kizito kwa mwili wake. Akiinama kuchungulia kinamvuta, na mikono haina nguvu ya kumrudisha juu. Na yale maji machache ndiyo yaliyoikalisha ndoo imara. Ingekuwa tupu ingepinduka nawe, ungelia, ningekuja mbio. Sentimita 5 za maji zinatosha, mwanangu. Ndoo, beseni la kufulia, choo kilichoachwa wazi. Ukimaliza, mwaga. Usiseme utamwaga baadaye.

Wakati mwingine najiambia: lakini ulirudi, na mtoto alikuwa mzima. Halafu najijibu: ulirudi kwa sababu simu ilikatika.

Sasa niache hayo, maana kuna jambo la leo. Katika picha ya tatu mjukuu wangu ameshika ile rimoti nyembamba ya feni, na kifuniko chake cha nyuma kimebandikwa selotepu. Kama bado iko chini, inuka ukaitoe kwanza, kisha urudi kusoma. Rimoti za namna ile huwa na betri bapa ya duara, kama kifungo cha koti. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, mate yanaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na pale inapogusa nyama panaungua. Saa 2 tu zinatosha kuacha kidonda kikubwa. Hata betri iliyoishiwa, isiyoweza tena kuendesha feni, bado ina nguvu ya kuunguza. Na dalili zinadanganya: mate kutiririka, kikohozi, kukataa kula, ukadhani ni mafua au meno. Ukishuku tu, usimtapishe, usimlishe, usingoje uone. Nenda hospitali wampige picha, na mtaje neno betri mlangoni kabla ya salamu.

Mkoba wa mgeni nao utundike juu. Humo mna vidonge, sarafu, funguo za gari zenye betri zilezile, na mgeni anauweka sakafuni kwa nia njema kabisa. Chai usiinywe ukiwa umempakata; dakika 15 baada ya kumiminwa bado inaweza kumuunguza, ngozi yake ni nyembamba kuliko yako. Na kabati la droo lifungwe ukutani, kwa sababu yeye akiona droo tatu wazi anaona ngazi.

Haya, mumeo. Anasema mtoto hujifunza kwa kuanguka. Kuna ukweli hapo, wewe mwenyewe ulijifunza kutembea kwa magoti yaliyochubuka na sikukuzuia. Lakini ndoo ilikufundisha nini? Hukumbuki chochote. Aliyefundishwa ni mimi, na ada nusura uilipe wewe. Ningekuwa na neno la kumwambia, tena refu, na nimeliandika mara mbili hapa nikalifuta. Sitalisema. Yeye hajawahi kuacha ndoo mlangoni, mimi niliacha. Na nyumba ni yenu, mtoto ni wenu.

Nakuja Jumamosi. Nitabeba bisibisi na skrubu za kutosha, na lile kabati la droo nitalifunga pamoja naye, akipenda. Rimoti niwekeeni, nataka kukiona kifuniko chake.

Baba yako