Kabla Hujachota Damu ya Mgonjwa wa Kiharusi, Andika Saa

Wiki iliyopita nilitetea tasnifu yangu nikapita. Jioni ile ile daktari mmoja kijana akaniandikia: "Hongera sana, Dokta. Na mimi nataka kufanya utafiti wa viashiria vya damu vinavyotabiri nani atakufa na nani atabaki na ulemavu baada ya kiharusi. Nianze na kipimo gani?"

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kwa sababu ni swali lile lile nililoanza nalo mimi, na ndilo lililoniangusha. Wengi walionipongeza hawajui kwamba hii ni tasnifu yangu ya pili. Ya kwanza ilikataliwa.

Wakati ule nilikuwa nimeipenda kopeptini. Hiki ni kipande cha protini kinachotolewa pamoja na homoni ya vasopresini. Vasopresini yenyewe ni ngumu kupima kwa kuwa huharibika upesi, lakini kopeptini hutulia kwenye damu, na mwili ukipata mshtuko mkubwa hupanda. Mwaka 2009 watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba kopeptini inayopimwa mgonjwa wa kiharusi cha kuziba kwa mshipa anapolazwa inatabiri hali yake baada ya miezi mitatu, tena inaongeza kitu juu ya alama za NIHSS, zile za ukali wa kiharusi tunazompa mgonjwa kwa kumwangalia tu, zikizidi hali ni mbaya zaidi: anavyoongea, anavyoinua mkono, anavyofuata agizo. Nikaona nimepata njia. Nikaongeza troponini (ya misuli ya moyo iliyoumia), NT-proBNP (ya moyo uliolemewa) na CRP (inayopanda mwilini kukiwa na uvimbe au maambukizi), nikaanza kuchota damu.

Miezi ya kuchota siielezi. Aliyewahi kuamka usiku kukimbiza sampuli ya damu anaijua.

Siku ya utetezi, mjumbe mmoja wa jopo alifungua jedwali langu, akauliza swali moja: "Damu hii ilichotwa saa ngapi tangu kiharusi kianze?" Nilikuwa na tarehe. Nilikuwa na saa ambayo kila sampuli ilifika maabara. Saa ya dalili kuanza sikuwa nayo. Akafunga jedwali, akasema, "Basi hukupima hatari. Umepima nani alichelewa kufika." Watu walicheka. Kicheko kile bado ninacho kifuani, ingawa alikuwa na haki.

Alikuwa na haki kwa sababu kila kiashiria kina mwendo wake. Mshipa ukipasuka, GFAP, protini iliyo ndani ya seli zinazoilea mishipa ya fahamu ubongoni, hupanda ndani ya saa chache, maana damu inayovuja huzipasua seli hizo haraka. Mshipa ukiziba tu, GFAP huja polepole. Kopeptini hupanda mapema halafu hushuka. Neurofilamenti, ambayo hutoka kwenye nyuzi za neva zilizokatika, huendelea kupanda kwa siku nyingi. CRP ya siku ya tatu huenda haisemi chochote kuhusu ubongo. Huenda inasema mgonjwa ameshindwa kumeza vizuri, chakula kikaingia njia ya hewa na mapafu yakawaka. Ukichanganya damu ya saa ya pili na damu ya saa ya arobaini kwenye safu moja, hesabu yoyote utakayofanya juu yake ni bure.

Kuna jambo la pili, na hili linaniuma kuliko kicheko. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye troponini yake ilikuwa juu sana. Kwa ujuzi wangu wa wakati ule nilimwita binti yake pembeni, nikamwambia ajiandae. Sikuwa nimeangalia kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Figo za mzee zilikuwa zimechoka tangu zamani, na figo zikichoka, troponini na NT-proBNP hupanda hata kama siku hiyo moyo haujapata dhara jipya. Mzee aliondoka wodini kwa mkongojo, anatembea. Binti yake aliniambia mlangoni, "Dokta, ulitufanya tumlie mtu aliye hai."

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu langu ni hili. Usianze na kipimo, anza na saa. Mgonjwa akikutwa amepooza alfajiri, andika mara ya mwisho alipoonekana mzima, usiandike saa aliyokutwa. Pima figo. Kisha jiulize kiashiria chako kinakuambia nini ambacho umri wake na NIHSS havijakuambia tayari, kwa sababu mzee wa miaka 85 mwenye alama 22 hahitaji maabara ikujulishe kwamba yuko hatarini. Kisha rudi tena kwenye saa. Ndiyo, narudia.

Na usidhani kwamba kujua hatari ni kujua tiba. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio la ARCADIA: wagonjwa ambao chanzo cha kiharusi chao hakikujulikana, lakini walikuwa na dalili za udhaifu wa chumba cha juu cha moyo, NT-proBNP iliyozidi pikogramu 250 kwa mililita ikiwa mojawapo ya vigezo. Wengine walipewa apixaban, dawa ya kuzuia damu kuganda, wengine aspirini. Apixaban haikupunguza viharusi vya kurudia. Tunaopenda viashiria tunapaswa kuyasoma matokeo hayo kwa unyenyekevu, tuache kuandika kwenye hitimisho la kila makala kwamba kipimo chetu "kitabadilisha matibabu".

Wala utafiti wako usimcheleweshe mtu. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida ina dirisha la saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kwa wagonjwa wengi jibu pekee la damu la lazima kulisubiri ni sukari, kwa kuwa sukari ikishuka mtu anaweza kuonekana kama mwenye kiharusi. Chupa zako za utafiti zijazwe kwenye mchomo ule ule wa sindano, au zisubiri. Nimeona mtu akishikilia mkono wa mgonjwa atafute mshipa wa utafiti huku kitanda cha skani kikingoja. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nitumie karatasi yako ya kukusanyia data kabla hujaichapa. Nitaanza kuisoma kwenye safu ya saa.