Bunduki ya askari wa hifadhi kwa Kichina

Bunduki ya askari anayesindikiza wageni wa miguu pale Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni bùqiāng (步枪). Bastola ni shǒuqiāng, risasi zǐdàn. "Qiāng" ndiyo silaha yenyewe, neno la mbele linataja aina: bù ni hatua, shǒu ni mkono. Usiseme lièqiāng, hiyo ni ya kuwindia, na mgeni atadhani mnakwenda kuua wanyama. Ongeza "zhè shì bǎohù wǒmen de", yaani hii ni ya kutulinda. Kuhesabu: bunduki moja ni yì zhī bùqiāng, ila bastola moja ni yì bǎ shǒuqiāng.

Wengi hukosea toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, maana Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni. Qiāng sauti ibaki juu, bapa. Ukiishusha kisha ukaipandisha inakuwa qiǎng, kupora.