Re: Mwanangu habanduki kwenye gemu, ni ugonjwa?

Dada, kijana wa miaka 14 kukesha na gemu siyo lazima awe mgonjwa. Kweli Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, ila masharti ni mazito: ashindwe kujizuia, masomo au maisha yake mengine yaharibike, na hali idumu kama miezi 12. Wa kwangu alikuwa anaficha simu chini ya mto. Asubuhi macho mekundu, chai hagusi. Sasa saa tatu usiku simu zote, na yangu pia (hapo ndipo palipokuwa pagumu), zinalala sebuleni kwenye chaja. Wiki nzima alininunia. Kumnyang'anya kabisa usijaribu, atahamia vibanda vya PlayStation mtaani.